Dhahabu ya Uzeeni Marekani: Nani Anaweka Kima cha Chini?

Mfanyakazi wa Marekani anayetaka kuweka sehemu ya akiba yake ya uzeeni katika dhahabu halisi, yaani sarafu na vipande vinavyoshikika, hukutana mapema na namba. Kampuni moja itamwambia aje na dola 10,000, ya pili 25,000, ya tatu 50,000. Akiwa na pungufu ya hapo, hahudumiwi. Namba hizo hutajwa kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba wateja wengi huamini zimeandikwa katika sheria. Hazimo. Sheria ya Marekani inayosimamia akaunti hizi haitaji popote kima cha chini cha kuanzia. Inachotaja ni kima cha juu.

Katika nafasi iliyopo kati ya kima cha juu cha serikali na kima cha chini cha muuzaji ndipo akiba za watu wengi zinapookoka au kupotea. Suala hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili walioko huko: wauguzi, madereva wa malori, wafanyakazi wa maghala na wahudumu wa nyumba za wazee kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambao kila mwezi hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya mpango wa pensheni wa mwajiri, ule unaoitwa 401(k). Wengi wao watakapoacha kazi moja na kuingia nyingine, au watakapokaribia kustaafu, wataitwa kwenye simu na kuelezwa habari za dhahabu. Ni vema waijue hesabu kabla simu haijalia.

Akaunti yenyewe ni nini

Mwaka 1974 Rais Gerald Ford alitia saini sheria mbili ambazo wakati huo hazikuwa na uhusiano. Mwezi Agosti alisaini ile iliyowarudishia Wamarekani haki ya kumiliki dhahabu, kuanzia tarehe 31 Desemba mwaka huo, baada ya katazo lililodumu tangu amri ya Rais Franklin Roosevelt ya mwaka 1933. Mwezi Septemba alisaini sheria ya pensheni, ERISA, ambayo pamoja na mambo mengine ilizaa akaunti binafsi ya kustaafu, maarufu kwa kifupi chake IRA. Katika IRA ya kawaida, fedha inayowekwa huweza kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hukua bila kukatwa kodi kila mwaka, na kodi hulipwa inapotolewa uzeeni.

Dhahabu haikukaribishwa upesi ndani ya akaunti hiyo. Mwaka 1981 Bunge la Marekani liliamua kwamba akaunti ikinunua vitu vya kukusanywa, kama michoro, vito, metali au sarafu, ihesabiwe kuwa imemlipa mwenyewe fedha hiyo, naye atozwe kodi. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1986, ziliporuhusiwa sarafu za American Eagle zilizoanza kutengenezwa na serikali mwaka huohuo. Sheria ya mwaka 1997 ikaupanua zaidi: tangu 1998, sarafu nyingine na vipande vya dhahabu, fedha, platinamu na paladiamu viliruhusiwa, mradi vifikie kiwango cha usafi. Kwa dhahabu kiwango ni sehemu 995 katika 1,000. American Eagle ina karati 22 tu, haifikii kiwango hicho, lakini imetajwa kwa jina katika sheria na hivyo inapita. Krugerrand ya Afrika Kusini, ambayo nayo ni ya karati 22, haikutajwa, kwa hiyo haipiti. Bangili, mikufu na pete hazimo kabisa.

Sharti la pili ni la mahali pa kuhifadhi, nalo huwashangaza wengi. Kwetu Pwani dhahabu ya mwanamke ni akiba anayoishika mwenyewe: huivaa, huirithisha binti zake, na siku ya dhiki huiweka rehani au huiuza bila kuomba ruhusa ya mtu. Dhahabu ya IRA ni kinyume cha hiyo. Lazima ikae mikononi mwa mdhamini, ambaye ni benki au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Kodi, IRS, na kwa kawaida mdhamini huyo huiweka katika ghala maalumu lenye ulinzi na bima. Mwaka 2021, katika kesi ya McNulty dhidi ya Kamishna wa Kodi, mahakama ya kodi iliamua kwamba mwenye akaunti aliyeweka sarafu zake za American Eagle katika kasha la chuma nyumbani alikuwa amezitoa kwenye akaunti, na thamani yake ikatozwa kodi kama mapato.

Wanaoweka kima cha chini

Kwa hiyo pande tatu hulipwa katika akaunti moja. Yupo mdhamini anayetunza kumbukumbu na kutoa taarifa kwa IRS. Lipo ghala. Na yupo muuzaji wa dhahabu, ambaye ndiye mwenye matangazo ya redio na televisheni na ndiye anayempigia mteja simu. Wadhamini wengi hawadai kiasi kikubwa cha kufungulia akaunti. Wanachotaka ni ada zao zilipwe. Ghala nalo hutoza ada kwa mwaka, ama kiasi kilekile kwa kila mteja, ama asilimia ya thamani iliyohifadhiwa. Kima cha chini kinachovuma, kile cha makumi ya maelfu ya dola, karibu kila mara ni cha muuzaji.

Muuzaji ana sababu zake, na si zote mbaya. Kufungua akaunti kunahitaji fomu nyingi, mawasiliano na mfuko wa zamani wa mteja, usafirishaji na bima. Kazi hiyo ni ileile kwa mwenye dola 5,000 na mwenye dola 50,000. Lakini mapato ya muuzaji hutokana na tofauti ya bei anayonunulia na bei anayouzia, na mtu wa mauzo kwa kawaida hulipwa kamisheni. Dola 50,000 humlipa mara 10 ya dola 5,000 kwa saa zilezile za simu. Kima cha chini, basi, kwanza kinalinda muda wa muuzaji. Kama kinamlinda na mteja pia, hilo ni jambo la kupimwa.

Fedha hiyo inatoka wapi

Hapa ndipo kima cha juu cha serikali kinapofichua mengi. Kwa mwaka 2025, mtu hakuruhusiwa kuweka katika IRA zake zote kwa pamoja zaidi ya dola 7,000, au 8,000 akiwa na umri wa miaka 50 au zaidi. Anayeanza bila akiba yoyote na kuweka dola 7,000 kila mwaka atahitaji zaidi ya miaka 7 kufikisha dola 50,000. Hata kima cha dola 10,000 hakifikiki kwa mchango wa mwaka mmoja. Tukumbuke pia kwamba mwezi Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000: mchango mzima wa mwaka usingetosha kununua sarafu mbili za wakia moja.

Maana yake ni wazi. Anayetaka dola 25,000 au 50,000 kwa mkupuo hatafuti akiba mpya. Anatafuta akiba iliyokwisha kukusanywa, ambayo itahamishwa kutoka 401(k) au IRA nyingine, kwa kuwa uhamisho hauna kikomo cha kiasi. Na si kila mfanyakazi anaweza kuhamisha. Mipango mingi ya waajiri haimruhusu aliye bado kazini kutoa fedha yake kabla ya kufikia umri wa miaka 59 na nusu. Wanaobaki ni walioacha kazi, waliopunguzwa, na waliokaribia au kuingia uzeeni. Kima cha chini kinawachagua hao bila kuwataja: watu wenye fungu kubwa kuliko lote walilowahi kuwa nalo, na wenye miaka michache ya kulirudisha likipotea.

Njia ya uhamisho nayo ina mtego. Fedha ikienda moja kwa moja kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, hakuna kodi inayokatwa. Lakini mfanyakazi akiandikiwa hundi kwa jina lake kutoka 401(k), mpango huo unalazimika kuzuia asilimia 20. Mwenye dola 50,000 atapokea 40,000. Ana siku 60 za kuingiza zote 50,000 katika akaunti mpya, na zile 10,000 zilizozuiwa itabidi azitafute kwingine, akisubiri kurudishiwa wakati wa kuwasilisha hesabu za kodi. Asipozipata, huhesabiwa kuwa amezitoa: atalipa kodi ya mapato, na akiwa hajafikia miaka 59 na nusu ataongezewa adhabu ya asilimia 10, isipokuwa akiwa na sababu inayotambuliwa na sheria. Kwa mtu anayeharakishwa kufikia kima cha dola 50,000, kosa hilo moja linaweza kumwangusha chini ya kima hicho na kumwongezea kodi.

Hesabu ya ada na hesabu ya bei

Wauzaji husema kima cha chini kipo kwa faida ya mteja, kwa sababu akaunti ndogo huliwa na ada. Dai hilo lina ukweli. Tuchukue mfano wa akaunti inayotozwa dola 250 kwa mwaka, mdhamini na ghala pamoja. Kwa mwenye dola 5,000, hiyo ni asilimia 5 kila mwaka. Kwa mwenye 10,000 ni asilimia 2.5. Kwa mwenye 25,000 ni asilimia 1, na kwa mwenye 50,000 ni nusu asilimia. Dhahabu haizai riba wala gawio. Ada hiyo haina mahali pa kulipiwa ila kwenye dhahabu yenyewe au mfukoni mwa mwenye akaunti. Mwenye dola 5,000 anahitaji bei ipande asilimia 5 kila mwaka ili abaki alipo. Mtu huyo kweli hana sababu ya kufungua akaunti ya dhahabu halisi, na anayemkataa anamtendea wema.

Ila ipo njia nyingine ya kumiliki thamani ya dhahabu ndani ya IRA ya kawaida. Tangu mwezi Novemba 2004 kuna mifuko inayonunua dhahabu, kuihifadhi na kuuza vipande vyake katika soko la hisa. Mfuko wa kwanza wa aina hiyo nchini Marekani, SPDR Gold Shares, hutoza asilimia 0.40 kwa mwaka, na ipo mingine inayotoza chini ya hapo. Kwa mwenye dola 5,000 gharama hiyo ni dola 20. Kima cha chini ni bei ya hisa moja, na kwa madalali wengi hata sehemu ya hisa inanunulika. Akaunti yetu ya mfano yenye ada ya dola 250 huanza kuwa nafuu kuliko mfuko huo pale tu thamani inapovuka dola 62,500. Mteja anayetumia mfuko hana sarafu yenye namba ya ghala, na kwa mtu anayehofia mfumo mzima wa fedha hilo si jambo dogo. Lakini ikiwa lengo ni kinga dhidi ya mfumuko wa bei, njia hiyo haimzuii mtu kwa sababu ya udogo wa akiba.

Hata hivyo ada si gharama kubwa kuliko zote. Gharama kubwa hulipwa siku ya kwanza, nayo ni kiasi ambacho bei ya muuzaji inazidi bei ya dunia. Kwa sarafu za kawaida zinazouzwa kwa wingi, ziada hiyo huwa ni asilimia chache. Kwa sarafu zinazoitwa za pekee, zenye mng'aro wa maonyesho au toleo dogo, inaweza kuwa mara nyingi zaidi. Mteja akitoa dola 50,000 kwa ziada ya asilimia 5, anapata dhahabu ya thamani ya takriban dola 47,600. Akitoa kiasi hichohicho kwa ziada ya asilimia 30, anapata ya takriban dola 38,500. Amepoteza zaidi ya dola 11,000 kabla sarafu hazijafika ghalani, na atahitaji bei ya dunia ipande kwa asilimia 30 ili tu arudi alipoanzia. Hata hapo, muuzaji anaponunua tena hukata chake. Fedha ya bure inayotolewa kama zawadi kwa anayevuka kima fulani, pamoja na msamaha wa ada za miaka ya mwanzo, huonekana ndogo mbele ya hesabu hiyo. Mara nyingi zawadi hulipwa na bei ya sarafu.

Haya si mashaka ya kinadharia. Mwaka 2020, tume ya serikali inayosimamia masoko ya bidhaa, CFTC, pamoja na majimbo 30, ilizishtaki kampuni zilizofanya biashara kwa jina la Metals.com, ikidai zilikusanya dola milioni 185 kutoka kwa watu wasiopungua 1,600, wengi wao wazee, kwa kuwauzia metali kwa bei zilizopandishwa kupita kiasi. Nyingi ya fedha hizo zilikuwa akiba za kustaafu. Mwaka 2023 tume ya masoko ya hisa, SEC, iliishtaki kampuni ya Red Rock Secured kwa madai kwamba iliwashawishi watu kuhamisha akiba za uzeeni kwenda kwenye sarafu, huku ziada ya bei ikizidi asilimia 100. Katika kesi za namna hii mteja hakudhulumiwa na bei ya dhahabu duniani. Alidhulumiwa na bei ambayo hakuonyeshwa.

Sehemu gani ya akiba

Lipo swali ambalo kima cha chini hulipindua bila kelele. Mpangaji wa akiba mwenye busara huanza na fungu zima, kisha huuliza ni sehemu gani iwe dhahabu. Kima cha chini huanza na kiasi, na fungu zima lijipange lenyewe. Washauri wengi wanaoikubali dhahabu huizungumzia kama asilimia 5 hadi 10 ya akiba. Tukichukua 10, kima cha dola 50,000 kinamfaa mwenye akiba ya dola 500,000. Cha 25,000 kinamfaa mwenye 250,000, na cha 10,000 kinamfaa mwenye 100,000. Muuguzi mwenye dola 60,000 katika 401(k), akishawishiwa kutimiza kima cha 50,000, ameweka zaidi ya asilimia 80 ya uzee wake katika kitu kimoja.

Na kitu hicho, pamoja na heshima yake ya karne nyingi, huyumba. Mwezi Januari 1980 wakia ilifika dola 850. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250, na haikuivuka ile bei ya 1980 mpaka Januari 2008, bila hata kuhesabu mfumuko wa bei wa miaka hiyo 28. Aliyestaafu mwaka 1980 na kuweka karibu kila kitu katika dhahabu, huenda hakuishi kuiona bei yake tena. Mwaka 2011 ilipanda hadi takriban dola 1,900, na kufikia mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya 1,100. Aliyenunua wakati huo na kuvumilia hadi 2025 alivuna vizuri sana, na si haki kuficha hilo. Lakini tofauti ya hatima za watu hawa ni mwaka walioingia na kiasi walichoweza kusubiri, na mstaafu hana uhuru mkubwa wa kuchagua yote mawili.

Kusubiri kuna mpaka pia. Kwa sheria ya sasa, mwenye IRA ya kawaida anapofikia umri wa miaka 73 lazima aanze kutoa kiasi fulani kila mwaka, apende asipende. Sarafu haikatwi vipande. Ikiwa akaunti haina kitu ila dhahabu, atauza kwa bei ya siku hiyo, au atachukua sarafu yenyewe na kulipa kodi ya thamani yake kutoka mfukoni. Kwa aliyepanga kurudi Mombasa, Moshi au Bukavu baada ya kustaafu, jambo hili lina uzito wa ziada: uuzaji, ada na fomu za kodi vitafuatiliwa kutoka mbali, na sarafu zinazotolewa ili zisafirishwe nyumbani zinahesabiwa kuwa mapato tangu siku ya kutoka ghalani.

Kima ambacho mtu ajiwekee mwenyewe

Kutokana na hesabu hizi, kima cha chini cha kweli kinaweza kupatikana bila kumuuliza muuzaji. Kwanza, jumla ya ada za mwaka isizidi takriban asilimia 1 ya dhahabu itakayowekwa. Kwa ada ya dola 250, hiyo ni dola 25,000. Pili, kiasi hicho kisizidi sehemu ya kumi ya akiba yote ya uzeeni. Masharti haya mawili yakiwekwa pamoja, akaunti ya dhahabu halisi huanza kuwa na maana kwa mwenye akiba ya robo milioni ya dola hivi. Aliye chini ya hapo, na hao ndio wafanyakazi walio wengi, akitaka dhahabu atumie mfuko wa soko la hisa ndani ya IRA yake ya kawaida, bila kuona kwamba amenyimwa kitu.

Serikali nayo isijitoe. Imeweka kima cha juu cha mchango, kiwango cha usafi na sharti la mdhamini, lakini haijamlazimisha muuzaji wa sarafu kuandika, katika ukurasa uleule anaotajia kima chake cha chini, bei ya dunia ya siku hiyo, ziada yake na bei atakayonunulia tena. Sharti hilo lingegharimu karatasi moja tu, na lingewakinga wazee wengi kuliko kesi zinazofunguliwa baada ya fedha kuondoka.

Mpaka sharti hilo lije, mteja analo swali moja la kuuliza kabla ya kusaini chochote: nikinunua asubuhi hii kwa dola 50,000 na kukuuzia tena jioni hii, bei ya dunia ikiwa ileile, utanilipa kiasi gani, na utaniandikia? Anayejibu kwa namba iliyoandikwa na kusainiwa anastahili kusikilizwa. Anayekwepa, asipewe hata dola ya kwanza.